Mwaka Nilipoachiwa Nyumba

Mwezi uliopita Dahabo alikuja kwangu Mwingi bila hata kupiga simu. Nilikuwa uani nachambua mbaazi, nikamwona mwanamke mtu mzima amejitanda shela ya rangi ya chungwa, miwani puani, nywele za mbele zimepakwa hina, amesimama langoni ananitazama. "Mwalimu," akasema, "kwani hunijui?" Nikamwambia ukweli, simjui. Akacheka, akaanza kuimba jedwali la tatu kwa sauti ya kitoto, na alipofika tatu mara saba akanyamaza, maana hapo ndipo alipokuwa akikwama kila siku katika darasa langu la pili kule Garissa. Sinia ilinitoka mkononi, mbaazi zikamwagika chini. Nilimkumbatia nikalia, na huku nalia nilikuwa namwogopa. Tulipokaa akaniambia mama yake, Habiba, alifariki miezi minne iliyopita, alikuwa mzee kabisa. Kisha akasema wanagawa hati za viwanja kule kwao, na ofisi inataka mtu wa zamani aliye hai, anayeweza kuandika kwamba Habiba alikuwa na nyumba pale. "Sisi tulisema yuko mwalimu," akasema. Nikamwambia apumzike kwanza, ale, hayo ya karatasi tutayaongea baadaye. Mtu wa miaka yangu anaruhusiwa kujivutavuta. Nikaingia jikoni kukaanga vitunguu, na kabla havijageuka rangi nilikuwa nimerudi mwaka wa sitini na sita, mwaka ambao nimeishi nikiuruka kila ninapowasimulia wajukuu habari za ujana wangu.

Nilipelekwa Garissa nikiwa na miaka ishirini na miwili, sanduku moja la bati na kiburi cha kutosha watu watatu. Vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimepamba moto. Malori yalisafiri kwa msafara yakilindwa na askari, na saa kumi na mbili jioni kila mtu alitakiwa awe ndani. Sisi walimu wa kutoka bara tulipewa vyumba vya mstari mmoja nyuma ya shule, na changu kilikuwa cha mwisho, kimepakana na ua wa mjane mmoja aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni. Huyo ndiye Habiba. Wiki ya kwanza nilikuwa nakula mkate mkavu na chai ya rangi kwa sababu sikujua ninunue nini wala kwa nani. Siku ya tano akachungulia juu ya ua wa miiba, akaniambia, "Wewe abaayo, nimeona hakuna moshi kwako. Wewe unakula nini, upepo?" Abaayo ni dada kwa lugha yao. Akaniita, nikaenda, na tangu siku hiyo sikupika tena chakula cha asubuhi kwangu.

Nyumba yake naiona hata sasa. Vyumba viwili vya udongo, kuta zimepakwa chokaa na chini ukanda wa buluu unaofika magotini, paa la mabati lililokuwa likilia tik tik jua linapoanza kuchoma. Chumba cha mbele kilikuwa na mikeka, sanduku la nguo na rafu ya vikombe vya bati vilivyogeuzwa kifudifudi, vimepangwa kwa ukubwa, na ole wako ukivichanganya. Chumba cha ndani kilikuwa na kitanda cha kamba, alicholalia yeye na Dahabo. Tulikula anjera, chapati zao laini za unga uliochachuka, bado moto, amezimwagia samli na sukari, na siku nyingine nyirinyiri, ile nyama ya kukaanga inayohifadhiwa ndani ya mafuta, akiipima kwa kijiko maana haikuwa rahisi kupata. Jioni, kabla ya muda wa kufungiana, alitia makaa katika kichomea ubani cha udongo, akazunguka nacho vyumba vyote, akafukiza nguo, akafukiza vyombo vya maziwa, mpaka njia nzima ikanukia. Nilipenda kukaa pale. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikuwa mgeni katika nyumba ile, nililishwa ndani yake miezi saba.

Ilikuwa wakati wa chai hiyo ya asubuhi ndipo niliposikia maneno ya wanawake waliokuja kuchukua maziwa. Walikuwa wakisema kwa sauti ya chini kwamba watu wa mikeka, wenye kuhamahama, watakusanywa vijijini ndani ya seng'enge, na mifugo yao itakaa humo humo bila malisho. Walikuwa na ndugu ambao tayari walikuwa humo. Wakiondoka Habiba alipiga ukuta wake kwa kiganja, pa, pa. "Mwalimu, unaona hii? Hii ndio inaniweka mjini. Nikiwa na nyumba ya ukuta, mimi ni mtu wa Garissa, mtoto yangu anasoma. Nikikosa hii, mimi ni mtu wa porini, na mtu wa porini siku hizi wanamwita shifta. Nyumba ingine sina, wallahi." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilielewa pia, tusidanganyane. Hakuna siku nitakayosema sikuelewa.

Mwezi wa nane ikaja habari kwamba dadake aliyeko Balambala amejifungua, na hana mama wala mkwe wa kumwangalia. Kwao mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, na lazima awepo wa kumkanda, kumpikia, kumfukizia. Habiba hakuwa na la kuchagua. Akapata kibali cha kupanda lori la msafara, yeye na mtoto. Asubuhi ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa kufuli na akanizungusha nyumba nzima kana kwamba sijawahi kuingia. "Mambo ni matatu tu," akasema. "Asubuhi fagia uwanja, nyayo zionekane mpya. Mchana pika hapa hata chai, moshi utoke. Jioni choma ubani. Wale askari wanapita kila jioni kabla ya kufunga, wananijua kwa hiyo harufu. Wakinusa, wanajua kuna watu. Wasiponusa, watauliza wenyewe wameenda wapi. Na ukisikia lolote, nenda kwa chifu uwaambie, Habiba yuko kwa mzazi, anarudi baada ya arobaini. Wewe ni mtu wa serikali, neno lako linasikika." Nikasema, "Usijali, Mama Dahabo. Hata usiwaze." Nilisema hivyo kwa mdomo mpana kabisa. Lori likawachukua, Dahabo akinipungia mkono juu ya magunia.

Wiki ya kwanza nilifanya yote, na kwa fahari. Wiki ya pili, siku ya maombi ya akina mama wa bara kwa mke wa mwalimu mkuu, tukiwa tunakula viazi na kabeji, mke wa karani mmoja akainusa kanga yangu. "Mwende," akasema, "mbona unanuka ubani?" Nikaeleza. Wakatazamana. "Yaani unafukiza nyumba ya Mwislamu? Unajua huo moshi wanampa nani?" Mwingine akasema majini. Mke wa mwalimu mkuu, ambaye nilimheshimu sana, hakuzungumza habari za majini. Alinipa kiazi kingine, akasema taratibu, "Mimi nisingeonekana nikipika katika nyumba ya Msomali wakati huu. Watu watauliza unampikia nani. Wewe ni msichana, una kazi, angalia jina lako." Basi. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba dini yangu hainiruhusu kuchoma ubani. Uongo mtupu! Ningekuwa naogopa ubani kwa ajili ya Mungu, ningeendelea kufagia na kuchemsha chai, maana fagio halina dini. Niliogopa kuonekana. Nikaacha ubani siku hiyo, nikaacha moto baada ya siku tatu, na uwanja nikawa naufagia mara moja kwa wiki, haraka haraka, nikitazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku.

Sasa nimekuwa na nyumba yangu mwenyewe miaka mingi, najua jinsi nyumba isiyo na mtu inavyoliwa. Haiharibiki siku moja. Kwanza mbuzi wa jirani waliingia uani, wakala ua upande mmoja, na hakuna aliyewafukuza. Kisha mtu akaona miiba imelala chini, akaikusanya kuwa kuni. Halafu bati la jiko likatoweka, na nilipouliza, jirani akaniambia kwa upole kabisa, "Si tulidhani wamehama?" Kila mmoja alichukua kidogo, na kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu yao wote nilikuwa mimi ambaye sikuonekana. Jumamosi moja adhuhuri nikafungua kufuli nikaingia. Dirisha la chumba cha ndani lilikuwa limeng'olewa bawaba. Juu ya mkeka kulikuwa na kokwa za tende, kwenye kona majivu ya moto mdogo, na vikombe vya Habiba vilikuwa vimeshushwa, vimeachwa ovyo, kimoja kina mabaki ya chai yaliyoganda. Kamba za kitanda zilikuwa zimebonyea. Mtu alikuwa amelala pale, na si siku moja. Alikuwa nani, mpaka leo sijui. Labda shifta, labda mchungaji aliyekimbia risasi, labda mlevi tu. Nilisimama katikati ya nyumba ile niliyokula anjera na samli ndani yake.

Hapo ndipo palikuwa na njia ya kutokea, ilikuwa wazi. Ningeenda kwa chifu saa ile ile, ningesema, jamani nyumba niliyoachiwa imeingiliwa, mwenyewe yuko Balambala kwa mzazi, naomba msaada. Nilikuwa na ufunguo mkononi kama ushahidi. Lakini angeniuliza, ulikuwa wapi wiki tatu hizi? Na wengine wangeuliza, wewe na mtu aliyelala humo mnajuana vipi? Nikatoka, nikafunga kufuli kwa uangalifu, kufuli la nyumba yenye dirisha wazi, nikaenda kusahihisha madaftari ya watoto. Siku nne baadaye doria ya askari ilipita, wakaona dirisha, wakaingia, wakaona majivu.

Afisa aliyekuja shuleni alikuwa kijana, mstaarabu, alivua kofia alipoingia chumba cha walimu. Alikuja na karani mwenye faili. Akasema kuna nyumba nyuma ya mstari wa walimu inayotumiwa na maadui kujificha, anataka kujua ya nani. Mwalimu mkuu akasema, "Mwalimu Mwende ndiye anapakana nayo." Wakageuka wote wakanitazama. Ufunguo wa Habiba ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yangu, na leso iko mkononi. Afisa akaniuliza, "Mwalimu, nani anakaa pale?" Nikasema, "Hakuna mtu." Akauliza, "Mwenyewe ni nani?" Nikasema, "Sijui, afande. Nilikuta ni tupu." Hivyo ndivyo nilivyosema. Sikushikiwa bunduki, sikupigiwa kelele, sikupewa hata dakika ya kutishwa. Karani akaandika kwamba nyumba haina mwenyewe, akanisogezea karatasi, nikatia sahihi. Nilitia kwa mkato, mchoro tu, mimi niliyekuwa nikiwachapa watoto viganja kwa ajili ya mwandiko mbaya.

Waliibomoa kesho yake kati ya kipindi cha pili na cha tatu. Darasani tulikuwa tunasoma kwa sauti, na kila nondo ilipopigwa ukutani tulisikia. Udongo ule uliokaushwa na jua la miaka haukutaka kuanguka, walifanya kazi mpaka mapumziko. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, hiyo ni nyumba ya kina Dahabo." Darasa zima likanitazama, watoto arobaini na kitu. Nikasema, "Tazameni ubao." Akasema tena, bila ujeuri, akidhani sikusikia, "Lakini mwalimu, ni ya kina Dahabo." Nikamwambia asimame kona mpaka kengele. Nimefundisha miaka thelathini na tano, nimeadhibu wengi waliostahili na wengine wasiostahili, na huyo mmoja ndiye ninayemwona nikifumba macho kuomba.

Habiba hakurudi baada ya arobaini. Njia ilifungwa, akarudi baada ya miezi mitatu. Nilimkuta amesimama mahali pa nyumba, mzigo bado kichwani, Dahabo anaokota vipande vya chokaa vyenye rangi ya buluu. Nikampa ufunguo. Sijui kwa nini nilifanya hivyo kwanza kabla ya salamu, labda uliniunguza. Aliutazama, akautazama uwanja, akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Mwalimu, ilikuwaje?" Nikamwambia walikuja nikiwa shuleni. Nikamwambia nilifanya yote aliyoniagiza, lakini vita ni vita. Na yeye, mama wa watu, akanishika bega akanipa pole! "Pole, abaayo. Umeachiwa mzigo mkubwa, wewe bado mtoto. Subhanallah, kama wangekupata ndani?" Nilipokea pole hiyo. Nikalia mbele yake, naye akanifuta machozi kwa shela yake.

Wiki hiyo hiyo likatoka tangazo kwamba wasio na nyumba mjini wahamie kijiji cha seng'enge. Aliyekuwa na nyumba ikabomolewa kwa makosa alipewa nafasi: aje barazani na shahidi mwajiriwa wa serikali, atapewa kiwanja ajenge tena. Habiba alikuja mlangoni pangu adhuhuri, uso unang'aa. "Kesho saa tatu, mwalimu. Neno moja tu. Sema, huyu alikuwa na nyumba hapa, nilikula ndani yake. Basi." Nikasema nitakuja. Na nilikusudia, naapa, mpaka nilipofika kitandani nikakumbuka yule karani mwenye faili atakuwa amekaa pale pale mezani, na karatasi yangu ndani. Asubuhi nilimtuma mwalimu mwenzangu aseme nina homa. Nikajifunika blanketi katika joto lile la Garissa, nikalala natoka jasho ili nifanane na mgonjwa. Saa tano nikasikia hodi. Alikuwa Dahabo, amebeba kibuyu kidogo. "Mama anasema pole. Anasema kunywa na tangawizi, homa itatoka. Lori iko hapo nje, tunaenda." Nilichukua. Lori lilikuwa limeshawashwa, nilisikia injini. Ningeweza kukimbia kwa miguu mitupu na kusema neno moja. Nikanywa maziwa. Yalikuwa matamu, yananukia ubani.

Nikaomba uhamisho muhula uliofuata, nikapata, na Garissa sijarudi tena. Mengine nimeyajua mwezi uliopita, mbele ya sahani ya ugali na mbaazi. Mbuzi wao walikufa wote ndani ya seng'enge. Dahabo hakusoma tena, tatu mara saba iliishia hapo hapo. Walipofunguliwa, kiwanja kilikuwa kimejengwa na mwingine, na Habiba akaishi pembeni ya mji katika kibanda cha mikeka na makaratasi, akiomba kila ofisi miaka yote hiyo. Dahabo aliyasimulia bila uchungu, akimega tonge, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Kisha akanawa, akatoa bahasha. "Shida ni moja, mwalimu. Wana karatasi ya zamani inasema nyumba ilikuwa haina mwenyewe. Kuna sahihi, lakini jina haisomeki, hakuna mtu anajua ni ya nani. Ndio tunataka wewe uandike. Mama alituambia mpaka siku ya mwisho, tafuteni mwalimu. Siku ile ya baraza alikuwa na homa. Angekuwa mzima, angesema."

Jina halisomeki. Kwa hiyo hata sasa, na nywele zangu hizi nyeupe, mlango wa kutorokea ulikuwa umeachwa wazi. Ningeandika mistari mitatu mizuri, ningeitwa shujaa, angenibusu mkono akaondoka. Nilivitazama vidole vyake vikishika bahasha, vidole vya mwanamke aliyekanda udongo na kubeba maji maisha yake yote.

"Dahabo," nikasema, "sikuwa na homa."

Alikuwa anainua kikombe. Hakukiweka chini, hakukinywa. Nikamwambia yote, nikianzia viazi na kabeji za mke wa mwalimu mkuu. Nilipofika kwenye sahihi nilitaka kuishia hapo, akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka maziwa. Sikutegemea anisamehe na hakunisamehe, na sitaki msomaji yeyote amlaumu kwa hilo. Alikiweka kikombe mezani, akafungua bahasha, akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Andika," akasema. "Andika jina yako isomeke."

Nikaandika, yeye amesimama nyuma yangu akifuata kwa kidole. Nikaandika kwamba mwaka wa sitini na sita Habiba alikuwa na nyumba ya vyumba viwili mahali pale, kwamba alisafiri kwenda Balambala kwa dadake aliyejifungua, na kwamba nyumba ilibaki tupu. Kidole chake kikasimama hapo.

"Hapana, mwalimu. Futa hiyo," akasema. "Nyumba haikuwa tupu. Ilikuwa na mtu. Mtu yake ulikuwa wewe."

Nikafuta.